Kitako cha Murongo

Katika daftari langu la mwaka wa pili
mlaji hana mama, hana jina, hanyeshewi.
Anasimama kati ya mistari miwili, bei na kiasi,
anajua yote yanayouzwa na yanauzwa wapi,
na kila kijiko kinachofuata
kinampa raha pungufu kuliko kilichotangulia,
mpaka aseme mwenyewe: imetosha.

Nilimsomea mama hayo akichambua maharage.
"Mlaji?" Akacheka hadi ungo ukatikisika.
"Huyo anayesema imetosha
anakaa komini gani? Si Kadutu."

Nilikuwa nimeazima mizani
kwa Cikuru anayesomea uuguzi,
ile ya kupimia vichanga, yenye bembea ya kitambaa.
Nikaulaza humo unga wa muhogo, mirongo mitatu.
Nikapima mara mbili. Mara ya tatu nikapima kwa adabu tu.
Kila murongo umepungua kama ngumi ya mtoto.

Nikafungua daftari lingine, la sheria.
Muuzaji asipunguze kipimo.
Mlaji ana haki ya kuambiwa kweli juu ya anachonunua.
Sentensi zilizopigwa pasi.
Nikazivaa, nikaenda nazo sokoni.

Mama Nsimire ameketi nyuma ya mlima wake mweupe.
Anajaza murongo, anarundika mpaka unamwagika,
anaongeza matabishi kwa vidole vitatu:
ukarimu wote uko juu, machoni pa watu.
Nikalishika kopo, nikalipindua.
Kitako kimeingia ndani
kama tumbo la mwenye njaa.

Soko halikunyamaza; soko halinyamazii unga.
Ila mama alilitoa kopo mkononi mwangu, polepole,
akaligeuza, akalirudisha mahali pake.
"Jaza, Mama Nsimire. Mtoto anasoma."

Njiani, ngazi za udongo zikiteleza,
akasema bila kugeuka:
"Unafikiri sijui?
Najua tangu Byamungu alale hospitali siku ishirini na sita.
Nani alitulisha, profesa wako?
Huyu aliandika deni langu kwa makaa kwenye ubao,
mvua ikalifuta,
naye akalikumbuka lote, bila kuongeza hata franka.
Kinachopungua chini, mimi nakiita riba.
Kukopa harusi, kulipa matanga;
kwake vyote viwili vinaingia kopo moja."

Sikuwa na mstari wa kumchorea hilo.
Nilinyamaza mpaka kwenye bomba la maji,
na hapo ndipo nikamkumbuka yule aliyesimama nyuma yetu,
kitenge rangi ya kutu,
noti zimefungwa kwenye ncha ya leso.
Alizihesabu mara mbili.
Hakudaiwa, hakuwahi kukopeshwa,
hata jina Mama Nsimire hakumwita.
Kopo lilikuwa lile lile.
Riba ya nani alikuwa analipa?

Nilimwambia mama, kwa sauti ndogo.
Labda hakusikia; ndoo zilikuwa zinagongana.
Labda alisikia, kwa maana alihamisha mfuko
kutoka mkono mmoja kwenda mwingine
kana kwamba umezidi uzito.

Jumatatu, swali la nne:
Eleza mwenendo wa mlaji mwenye akili timamu.
Nikachora mistari yangu, ikakutana panapotakiwa.
Nilipata kumi na mbili kwa ishirini.

Jioni ile nikapita kwa mafundi wa bati,
nikachagua kopo tupu la kutembea nalo sokoni.
Fundi akalilaza juu ya chuma, nyundo tayari,
akauliza bila kunitazama,
kama anayeuliza chai, na sukari au bila:
"Kitako nikigonge au nikiache?"
"Kiache."
Akanipa.
Bei, akasema, ni ile ile.